Mkanda wa Kiuno kwa Wapakiaji wa Viazi: Tathmini ya Msimu Mmoja Uyole

Mkanda ninaouzungumzia ni ule mpana, mweusi, wa mpira unaovutika, wenye kamba mbili za kupitisha mabegani kama za ovaroli, ambao siku hizi unauzwa katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi na ya vifaa vya michezo hapa Mbeya. Nilinunua sita kwa shilingi 35,000 kila mmoja katika duka moja la Mwanjelwa, mwezi Februari, na vijana wanaopakia viazi katika stoo yangu ya Uyole waliivaa hadi mwisho wa Agosti. Muuzaji alinihakikishia kwamba mkanda huu unazuia diski ya mgongo isichomoke, na kwamba mpakiaji akiuvaa hawezi kupatwa na ule ugonjwa wa mshipa unaoshuka mguuni, yaani siatika. Ninaandika kwa urefu kwa sababu maneno hayo ndiyo yaliyonitoa shilingi 210,000, na kwa sababu mtu wa kwanza kuugua ugonjwa huo katika stoo yangu nilikuwa mimi mwenyewe, tena nikiwa nimeuvaa.

Nianze na kifaa chenyewe, kwa kuwa kina mazuri yake. Sehemu ya nyuma ina upana wa sentimita 20 hivi, na ndani yake vimeshonewa vijiti vinne vya plastiki vilivyosimama wima kufuata uti wa mgongo. Mbele kuna vipande viwili vya kunatana, vile vinavyolia unapovibandua, kimoja juu ya kingine, ili mtu aweze kukaza mara ya pili baada ya kufunga. Mshono ni wa kuridhisha. Majira ya Juni na Julai, wakati ukungu wa Uyole unapolala juu ya magari hadi saa tatu asubuhi na mikono ya watu inakufa ganzi kwa baridi, mkanda ulitunza joto la kiuno vizuri, na hilo peke yake liliwafanya vijana waupende.

Kasoro zake zilionekana mapema. Viazi vya safu za Mporoto hutoka shambani na udongo mweusi, laini, wa asili ya volkano, ambao ukikauka huwa vumbi jepesi kama poda. Vumbi hilo huingia katika vile vinywele vya sehemu ya kunatia na kuvijaza kabisa. Haukupita mwezi, mikanda miwili ilianza kujifungua yenyewe, na mara moja mmoja ulifunguka kijana akiwa katikati ya ubao wa kupandia Fuso, gunia likiwa begani. Alifika juu salama, lakini alishuka akiwa amebadilika sura. Tukalazimika kusugua kila mkanda kwa mswaki wa zamani jioni, kazi ambayo hakuna mpakiaji aliyechoka anayeifanya kwa hiari. Kuhusu vipimo, iliyoandikwa XL inamfaa kijana mwembamba tu. Mzee wa kikosi, ambaye ana mwili wake, alijaribu, akacheka, akanirudishia.

Kasoro kubwa kuliko hizo haikuwa kwenye kitambaa. Ukiukaza mkanda huu, tumbo linabanwa, mgongo unanyooka, na mtu anajisikia kama nguzo. Kufikia mwishoni mwa Machi niligundua kwamba vijana waliovaa walikuwa wanakubali magunia ambayo zamani wangeyakataa, na kwamba badala ya watu wawili kumpandishia mbebaji gunia mgongoni, sasa alikuwa anasaidiwa na mmoja. Mkanda haukuwa umewaongezea misuli hata kidogo. Uliwaongezea ujasiri, na gharama ya ujasiri huo hulipwa na mgongo.

Jambo lililonipata mimi lilitokea katikati ya Aprili. Gari lilichelewa kutoka Isyonje kwa sababu ya mvua, dereva alitaka kuondoka usiku huohuo, na watu walikuwa pungufu, hivyo nikajifunga mkanda nikaingia kazini pamoja nao. Sikuinua gunia zito kuliko mengine. Niliinama kuvuta gunia lililokuwa limebanwa kwenye kona ya stoo, magoti yakiwa yamenyooka, na huku nalivuta nikageuza kiuno kumpokeza mwenzangu aliyekuwa kushoto kwangu. Sikusikia mlio wala maumivu ya ghafla. Kesho yake asubuhi, nilipoinama kufunga kamba za viatu, kitu kama shoti ya umeme kilitoka kwenye kalio la kushoto, kikapita nyuma ya paja, kikashuka hadi kwenye shavu la mguu na kuishia ukingoni mwa unyayo, upande wa kidole kidogo. Nikikohoa, shoti inarudi. Nikikaa kwenye kiti cha ofisini dakika kumi, lazima nisimame. Jirani mmoja aliniambia ni ngiri, mwingine akasema ni gesi, na mke wangu alinikanda kwa maji ya moto siku tisa mfululizo kabla hajaniamuru niende kwa wataalamu.

Nilikwenda katika kituo kimoja cha fiziotherapia hapa mjini, na kwa kuwa tathmini hii inahusu namna ya kulinda migongo ya watu, huduma ile nayo inastahili kutajwa. Dada aliyenipokea alinilaza chali, akaunyanyua mguu wangu wa kushoto ukiwa umenyooka, na kabla haujafika nyuzi 40 nikapiga kelele. Aliniambia nitembee kwa vidole, kisha kwa visigino, akagonga kifundo changu cha mguu kwa kinyundo cha mpira akitazama mguu unavyoitikia. Baada ya hapo alikaa akauliza maswali kwa muda mrefu kuliko muda aliotumia kunipima, na karibu yote yalihusu kazi. Gunia moja lina kilo ngapi? Linaanzia wapi, chini au juu ya kitu? Kwa siku magunia mangapi? Mnaanza saa ngapi? Mnageuka mkiwa mmebeba? Katika miaka kumi na sita ya biashara hii sikuwahi kuulizwa maswali hayo na mtu yeyote, wala sikuwahi kujiuliza mwenyewe.

Alinieleza hivi, kwa lugha ambayo hata vijana wangu waliielewa nilipowasimulia. Neva ya siatika ndiyo kubwa kuliko zote mwilini. Imeundwa na mizizi inayotoka kwenye pingili za chini za mgongo, inapita kwenye kalio, inashuka nyuma ya paja na kugawanyika karibu na goti. Kati ya pingili na pingili kuna diski, yenye ganda gumu la tabaka nyingi kwa nje na kiini laini kwa ndani. Ganda likichanika, kiini kinaweza kusukumwa nje kama kiazi kilichochemshwa na maganda yake kinavyotokeza nyama ganda linapopasuka, na kikigusa mzizi wa neva, maumivu husikika mguuni hata kama mgongo wenyewe umetulia. Mara nyingi hutokea kwenye diski mbili za chini kabisa, kwa sababu hapo ndipo uzito wa sehemu yote ya juu ya mwili hukutana na mkunjo wa kiuno. Kwamba diski ndiyo huwa chanzo kwa wagonjwa wengi si jambo la kale sana katika utabibu. Madaktari wawili wa Marekani, Mixter na Barr, ndio walioliweka wazi katika makala yao ya mwaka 1934.

Alinituliza pia kwamba wagonjwa wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila upasuaji, kwamba kulala kitandani siku nyingi hakusaidii, na kwamba nitembee kadiri ninavyoweza. Kisha akanipa onyo moja ambalo ninalirudia hapa neno kwa neno kwa faida ya kila mpakiaji: mtu mwenye maumivu haya akianza kushindwa kukojoa au kujikuta haja inatoka bila yeye kujua, akafa ganzi sehemu za siri na zile zinazogusa kiti anapokaa, au miguu yote miwili ikaishiwa nguvu, aende hospitali siku hiyohiyo, usiku ule ule, asisubiri mtu wa kumkanda.

Mkanda nilikuwa nimekwenda nao. Niliuweka mezani, naye akaugeuzageuza, akacheka kidogo. "Baba, huu unaweza kukupa raha wiki mbili tatu wakati unauguza mgongo," alisema, "lakini huu si ngao. Gunia halijui kama umevaa." Nilikereka, kwa kuwa nilikuwa nimenunua sita.

Nilipopata nafuu nikatafuta mwenyewe, na nikakuta kwamba jambo hili liliamuliwa zamani. Taasisi ya Marekani inayochunguza usalama kazini, NIOSH, ilitangaza mwaka 1994 kwamba haipendekezi mikanda hii kwa ajili ya kuwakinga wafanyakazi ambao hawajaumia, kwa kuwa ushahidi wa kwamba inakinga haukupatikana. Miaka sita baadaye, mwaka 2000, watafiti wake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wafanyakazi zaidi ya 9,000 wanaopanga na kuhamisha bidhaa katika maduka mapya 160. Baadhi ya maduka yaliwalazimisha wafanyakazi kuvaa mkanda na mengine yaliwaachia hiari. Waliovaa kila siku na wale ambao hawakuvaa au walivaa kwa nadra walipata maumivu ya mgongo kwa kiwango kisichotofautiana. Wale walikuwa wanahamisha katoni ndani ya maduka yenye sakafu tambarare. Sisi tunapanda ubao uliolowa ukungu.

Sasa nirudi kwenye maswali ya yule dada, kwa sababu humo ndimo kulikokuwa na tiba ya stoo yangu. Taasisi hiyohiyo ya NIOSH ina kanuni ya kukokotoa uzito ambao mtu mzima mwenye afya anaweza kuuinua kwa mikono miwili bila kujihatarisha, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1991. Kanuni inaanza na kilo 23, na hizo ni kwa hali iliyo bora kuliko zote: mzigo uko karibu na mwili, uko kimo cha mikono inapoishia mtu akisimama, na haulazimishi kugeuka. Baada ya hapo ni kupunguza tu. Mzigo ukiwa sentimita 50 kutoka kwenye vifundo vya miguu badala ya 25, kilo zinakatwa nusu. Ukianzia chini sakafuni, inapungua karibu robo. Ukigeuza kiwiliwili nyuzi 90, inakatwa tena asilimia 29 hivi. Nilichukua kalamu nikakokotoa hali yangu ya usiku ule wa Aprili kwa kuupendelea mkono wangu: gunia sakafuni, sentimita 40 mbele yangu, bila hata kuhesabu kule kugeuka. Jibu lilikuwa kilo 11, yaani zaidi kidogo ya nusu debe la viazi.

Kanuni hiyo haihusu kubeba begani, na ni haki kusema hivyo, maana vijana wetu hawainui gunia kwa mikono kama katoni. Hupandishiwa na wenzao, kisha hubeba kwa bega na shingo wakiwa wima. Kipande cha kutembea, kwa kadiri nilivyotazama, ndicho chenye nafuu. Hatari iko kwenye sekunde tatu za kuling'oa gunia chini na sekunde mbili za kulitupa juu ya gari kwa kuzungusha kiuno. Mtafiti wa Sweden, Nachemson, aliyepima mgandamizo ndani ya diski za watu walio hai kwa kuingiza sindano, alionyesha kwamba mtu aliyeinama mbele akiwa ameshika mzigo huibana diski zaidi ya mara mbili ya anavyoibana akiwa amesimama tu, ilhali akilala chali mgandamizo hushuka hadi takriban robo. Kuinama, kubeba na kugeuka vikifanyika kwa pamoja ndivyo vinavyochosha lile ganda la diski, siku baada ya siku, hadi siku moja kamba ya kiatu inatosha.

Kuhusu saa za kuanza kazi, hapo nilishangaa zaidi. Usiku tunapolala, diski hunyonya maji na kuvimba, ndiyo maana mtu huamka akiwa mrefu kwa sentimita moja au zaidi kuliko alivyolala, na ndiyo maana kiuno huwa kigumu asubuhi. Diski iliyojaa maji hukazwa zaidi mtu anapoinama. Sisi tulikuwa na mazoea ya kuanza kupakia saa kumi na moja alfajiri, vijana wakitoka kitandani moja kwa moja hadi kwenye gunia, kwa sababu madereva wanapenda kuondoka mapema wapite Makambako kabla ya mchana. Madereva wenyewe ni habari nyingine: mtu anakaa kwenye kiti kinachotikisika zaidi ya kilomita 800, anashuka mlima Kitonga na breki mguuni, na akifika sokoni anapanda nyuma ya gari kusaidia kushusha dakika ileile. Mtikisiko wa gari na kukaa muda mrefu ni miongoni mwa mambo yanayohusishwa na maumivu haya, na dereva anayeshusha mzigo kabla hajatembea hata robo saa anajumlisha hatari mbili kwa wakati mmoja. Ninawaonea huruma, ingawa hawanisikilizi.

Msomaji makini atauliza kwa nini basi kuna wazee waliobeba magunia miaka thelathini na migongo yao iko salama. Swali ni la haki, na jibu lake lisifichwe. Uchunguzi uliofanywa Finland kwa mapacha wanaofanana, ambao mmoja alifanya kazi nzito na mwenzake kazi nyepesi, ulionyesha kwamba kuchakaa kwa diski kunatokana na urithi kwa kiasi kikubwa kuliko wengi walivyodhani, na kwamba kazi peke yake ilieleza sehemu ndogo. Urefu wa mtu, unene, umri wa kati ya miaka 40 na 50 na kitu, na uvutaji wa sigara navyo vimo. Hata hivyo mimi siwezi kumchagulia kijana wazazi anapokuja kuomba kazi, na sioni njia ya kujua ni yupi amerithi diski imara. Ninachoweza kukibadilisha ni gunia, sakafu na saa.

Gunia ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Wote tunajua lumbesa ilivyo: gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha juu yake kinaongezwa kichwa kinachoshonewa kwa kamba hadi linafanana na mtu aliyejitwisha furushi. Kanuni za vipimo zinakataza mazao kufungashwa zaidi ya kilo 100, na Wakala wa Vipimo hukamata, lakini kila mfanyabiashara wa viazi anajua kinachopita usiku. Nilinunua mzani wa jukwaani wa mtumba nikaanza kupima magunia yanayoingia. La kwanza lilisoma kilo 118, la pili 126, na moja kutoka kwa mteja wangu wa siku nyingi lilisoma 141, nalo nilikuwa nimeona kijana wa kilo zisizofika 65 akilipandisha ubaoni. Sheria ya kuzuia lumbesa iliwekwa kumlinda mkulima asidhulumiwe bei, na watu wakiizungumzia huishia hapo. Sijawahi kusikia mtu akiitaja kwa ajili ya mgongo wa mpakiaji. Hata gunia halali la kilo 100 bado liko mbali na pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967, linalotaka uzito anaoubeba mwanamume mzima usizidi kilo 55.

Nikaamua stoo yangu ifungashe upya katika magunia ya kilo 50. Vijana walikuwa wa kwanza kugoma, na hawakukosea. Walikuwa wanalipwa shilingi 1,000 kwa gunia, na mimi kwa ujinga wangu niliwapangia 500 kwa gunia dogo, nikidhani hesabu ni ileile. Mzee wa kikosi alinivuta pembeni akaniambia, "Bosi, safari za ubaoni zimekuwa mbili, na ubao ndio unaochosha." Tukakubaliana 650. Gharama yangu ya kupakia gari moja imepanda, na hilo nalisema wazi kwa yeyote anayefikiria kufanya hivi, lakini muda wa kujaza gari haukuongezeka kama nilivyoogopa, kwa sababu hakuna tena kungojana kupandishiana. Mbebaji anachukua gunia lake mwenyewe.

Analichukua wapi? Hapo ndipo fedha ambayo ningeinunulia mikanda mingine sita ilipokwenda. Nilimwomba fundi seremala atengeneze benchi pana la mbao za mlingoti, lenye urefu wa mita tatu, na tukaliweka mlangoni mwa stoo sambamba na gari. Viazi vinamiminwa kwa debe ndani ya gunia likiwa limesimama juu ya benchi tayari, linashonwa hapohapo, na mbebaji anageuza mgongo, anakunja magoti kidogo, gunia linaegemea begani, anaondoka. Hakuna anayeinama kung'oa kitu sakafuni isipokuwa debe, na debe la viazi lina kilo 18 hivi, ambalo likishikwa karibu na tumbo halitishi. Kosa tulilofanya ni kimo. Benchi la kwanza lilikuwa na sentimita 80, na ilibidi watu wanyanyue debe juu ya vichwa vyao ili wamimine, viazi vikaanza kuwaangukia usoni. Fundi alirudi na msumeno akakata miguu hadi sentimita 60, na hicho ndicho kimo ninachokipendekeza kwa magunia ya kilo 50. Mbao, misumari na ufundi viligharimu shilingi 195,000, pungufu ya bei ya ile mikanda.

Saa ya kuanza nayo tumeisogeza hadi saa kumi na mbili na nusu, na kabla ya hapo vijana wanakunywa chai, wanafagia, wanatandika ubao na kuupaka mchanga usiteleze. Dereva asiyetaka kungoja namwambia kuna stoo nyingine. Wawili wamehama.

Je, migongo imepona? Mimi nilirudi kutembea vizuri wiki ya tisa, ingawa ukingo wa unyayo bado una ganzi kidogo ninapochoka. Kati ya vijana sita, mmoja alilalamikia mguu mwezi Mei, wakati benchi halijaja, akapumzishwa kazi ya kubeba akawa anashona magunia kwa wiki tano, na sasa anabeba. Watu sita katika msimu mmoja hawawezi kuthibitisha lolote, na sitaki mtu aje kunukuu stoo yangu kama utafiti. Ninachoweza kukiapia ni kwamba baada ya benchi na gunia dogo hakuna kijana aliyekuwa anasimama katikati ya kazi akijishika kiuno, jambo ambalo zamani nililiona kila siku nikadhani ndiyo kazi yenyewe.

Kwa hiyo, mkanda huu ununuliwe na nani? Anayeuguza mgongo na kushauriwa na mtaalamu anaweza kuuvaa kwa muda mfupi, saa chache kwa siku, ili apate unafuu wa kuanza kujongea. Mtu wa baridi, kama sisi wa Uyole, Makete au Kitulo, atafurahia joto lake. Mwajiri anayeutafuta ili atimize wajibu wake wa kuwalinda watu kazini, wajibu ambao Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemwekea, asidhani ameutimiza kwa kugawa mikanda. Aanze na mzani. Mwenye shinikizo la damu aulize kwanza, kwa kuwa kubana tumbo huku unainua mzigo hupandisha shinikizo kwa muda. Na anayeununua hata hivyo, achague wenye vifungo vya chuma badala ya sehemu za kunata, kama kazi yake ni ya udongo, na ajaribu akiwa amevaa nguo zake za kazi, kwa kuwa vipimo vilivyoandikwa ni vidogo.

Nilirudi dukani mwezi Septemba kumweleza muuzaji. Alinisikiliza kwa adabu, akanipa pole ya mguu, kisha akanionyesha boksi, ambalo kweli lilikuwa limeandikwa maneno ya kusaidia kiuno tu, bila neno lolote kuhusu diski. Yale mengine, alisema, ni maneno ya biashara. Fedha hazikurudi. Kati ya mikanda sita, miwili vijiti vimetoboa kitambaa, mmoja ulisahauliwa ndani ya gari lililokwenda Dar es Salaam, na mitatu bado ipo msumarini nyuma ya mlango wa stoo. Asubuhi za baridi vijana huivaa chini ya makoti, na ukungu ukiondoka huivua wakaitundika kabla ya gunia la kwanza.